Kungoja Dhoruba Bandarini Ziwa Kivu: Mwongozo Kamili kwa Manahodha Wapya

Kila msimu wa mvua, vijana walionunua boti hivi karibuni huleta malalamiko mawili. La kwanza: "Tuliingia bandarini salama, tukalala, asubuhi tukakuta boti imejaa maji na mbao zimepasuka." La pili: "Mvua ilikatika, tukatoka, tukapigwa tena katikati ya ziwa." Wote hao waliingia bandarini kwa wakati. Wakaharibikiwa baadaye, saa za kungoja, kwa sababu waliona kazi imekwisha pale kamba ya kwanza ilipofungwa.

Mwongozo huu ni wa boti ya mbao ya mita 8 hadi 15, yenye moteri ya nje nyuma, inayosafiri kati ya Goma na Bukavu, Minova, Kalehe au kisiwa cha Idjwi. Meli kubwa za chuma zina utaratibu wao.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Kamba mbili za nailoni, unene wa milimita 14 hadi 16, kila moja mita 30. Nailoni huvutika kidogo wimbi likipiga, kwa hiyo haikati ghafla na haing'oi ndoano ya boti. Ile kamba nyepesi ya bluu au ya manjano inayoelea ni ya kufungia mizigo. Jua huila upesi.
- Nanga ya kweli ya kilo 8 hadi 10, mnyororo wa mita 3 au zaidi, na kamba yake ya mita 50. Jiwe lililofungwa kamba linashikilia pirogi (mtumbwi) ya mvuvi kwenye maji tulivu tu.
- Vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, kila kimoja urefu wa mkono. Utaona kazi yake kwenye hatua ya tatu.
- Matairi manne ya zamani ya kuning'iniza ubavuni.
- Bidoni (madumu) mbili zilizokatwa za kukumbia maji. Pampu ni nzuri, ila pampu huziba takataka na bidoni haizibi.
- Turubai lenye upana wa kufunika boti nzima.
- Jile (koti la kuokolea majini) moja kwa kila mtu, watoto wakiwa na za kimo chao.
- Tochi mbili, filimbi, simu iliyojaa chaji na betri yake ya akiba, vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.
- Esansi (petroli) kwa hesabu ya theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya balaa. Pamoja nayo bujia (plagi) mpya na kamba ya kuwashia moteri.
- Maji ya kunywa, vidonge vya klori, unga, sambaza (samaki wadogo wa ziwa) kavu na chumvi, vya siku mbili kwa watu wote walio ndani.
- Daftari na kalamu.

Daftari huwachekesha wengi. Ngoja tufike hatua ya saba.

## Hatua ya 1: Chagua makimbilio kabla hujawasha moteri

Usichague bandari ukiwa tayari umeloa. Chukua daftari, gawa safari yako katika vipande, na kwa kila kipande andika makimbilio mawili: moja mbele, moja nyuma. Kanuni ni kwamba usiwe mbali na kimbilio lolote kwa zaidi ya saa moja ya mwendo wako halisi, boti ikiwa na mzigo. Mwendo wa boti tupu usiupige hesabu.

Kimbilio zuri lina nchi kavu upande upepo unakotoka. Hapa msimu unabadilisha mambo. Kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini na kusini-mashariki hukimbia juu ya ziwa kwa urefu wake wote, karibu kilomita 90, na wimbi hukua njia nzima mpaka linapofika kaskazini. Kwa hiyo alasiri ya Julai ufuko wa Goma ndio unaopokea kila kitu. Bukavu, upande wa pili, imejificha nyuma ya rasi zake, Nguba na Muhumba na nyingine, na mawimbi hayo ya kusini hayana nafasi ya kukulia pale.

Msimu wa mvua ni hadithi nyingine. Dhoruba hushuka kutoka milimani na upepo wake hugeuka ndani ya dakika chache. Ghuba iliyo wazi upande mmoja inaweza kukulinda saa nane na kukusaliti saa tisa. Tafuta iliyofungwa pande mbili au tatu.

Mambo mawili zaidi ya kuandika daftarini. Kwanza, kimbilio la bara lina faida ambayo Idjwi haina: kutoka Minova au Kalehe abiria mwenye haraka anaweza kupanda pikipiki au gari. Kisiwani atakaa nawe mpaka mwisho, na manung'uniko yake yote. Pili, mashariki ya ziwa ni Rwanda, na mpaka majini hauna ukuta wala kibao. Boti iliyozimika moteri na kusukumwa na upepo haitaulizwa ilikusudia nini. Ukipita magharibi ya Idjwi, kati ya kisiwa na Kalehe, una nafasi ya kukosea bila kuvuka.

Umefaulu hatua hii kama mtu mwingine ndani ya boti anaweza kusoma daftari lako na kukuambia, bila kukuuliza, mgeukie wapi sasa hivi.

## Hatua ya 2: Ingia mapema, na ingia mkiwa mmekaa

Mwaka 2016 wanasayansi waliohesabu radi kwa satelaiti waliiweka Kabare, hapo juu ya ziwa upande wa Kivu Kusini, mbele ya sehemu nyingine zote za Afrika. Nahodha wa Kivu hana haki ya kushangaa radi.

Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukihesabu 30, dhoruba iko kilomita 10. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, itakufikia baada ya dakika 15. Dakika 15 hazitoshi kufika popote, kufunga boti na kushusha watu. Ndiyo maana unageuka unaposikia ngurumo ya kwanza, au hata kabla yake, ukiona wingu refu lililotanuka kichwa kama fuawe la mhunzi.

Dalili ya mwisho ni upepo wa baridi unaokuja ghafla mbele ya mvua, na mstari wa maji meusi yenye povu unaokimbia kuelekea kwako. Ukiuona huo ukiwa bado nje, acha mawazo ya bandari. Elekeza pua kwenye wimbi kwa pembe kidogo, punguza moteri, kaeni chini sakafuni, ungojeeni hapo hapo mpaka utulie.

Jile zivaliwe unapogeuka, siyo mnapofika. Baada ya ajali ya Aprili 2019 kwenye ziwa hili, Rais Tshisekedi wa Kongo aliagiza jile ziwe lazima kwa kila abiria. Bado utaziona zimekaliwa kama mito.

Kisha mlango wa bandari. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaza kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na Kituku, bandari ya Goma, watu wa ufukweni wakiiona kwa macho. Kufika siyo kufunga. Mnapokaribia, watu husimama kutafuta mizigo yao na kusogea upande wa ufuko. Uzito unapanda juu, kisha unaenda upande mmoja, na wimbi dogo linamalizia. Toa amri moja kabla ya kuingia: hakuna anayesimama mpaka kamba mbili ziwe zimefungwa. Anayebisha akae karibu nawe.

## Hatua ya 3: Funga boti pua ikitazama ziwa

Kama una subira ya kusoma hatua moja tu, soma hii.

Boti nyingi zinazovunjika zikiwa zimefungwa zilifungwa jinsi zilivyoingia: pua imepanda mchangani, nyuma inatazama ziwa. Nyuma ya boti imekatwa chini ili moteri ikae. Wimbi la kwanza linarusha maji kidogo ndani. La hamsini linakuta boti tayari nzito, haiinuki tena, na linaingia lote. Asubuhi unasema boti "ilijazwa na mvua".

Mahali. Epuka miamba ya lava. Ufuko wa Goma umejaa mawe yaliyotoka Nyiragongo, na mtiririko wa Januari 2002 ulifika hadi ziwani. Jiwe hilo lina makali na hukata kamba ya nailoni usiku mmoja. Tafuta mchanga au tope. Epuka pia mdomo wa mto, hata kama mchanga wake unapendeza. Sababu iko hatua ya tano.

Nanga. Fika mbele ya mahali ulipochagua, geuza boti itazame ziwa, teremsha nanga mbele, kisha rudi nyuma polepole kuelekea ufuko huku ukiachia kamba. Urefu wa kamba ya nanga uwe mara tano ya kina cha maji, na mara saba kama dhoruba ni kali. Maji ya mita 6 yanataka mita 42. Hapo unaona kwa nini nimesema mita 50, na kwa nini huwezi kutia nanga popote upendapo: kando nyingi za Kivu hushuka kwa ghafla, hatua chache kutoka ufukweni na tayari kamba yako haifiki. Pima kwa kamba yenye jiwe kabla ya kuangusha nanga.

Mteremko huo una faida moja ambayo wageni hawaijui. Upepo ukitoka ziwani, boti inaivuta nanga kuelekea ufukweni, yaani kupanda mlima chini ya maji, na nanga inazidi kuchimba. Upepo ukigeuka na kutoka nchi kavu, nanga ingeteleza kwenda kilindini, lakini wakati huo zinazofanya kazi ni kamba za nyuma. Pande zote mbili zinategemeana. Ukiacha moja, nusu ya usiku huna kinga.

Jaribu. Kabla ya kuzima moteri, rudi nyuma kwa nguvu ndogo kwa dakika moja. Tazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mti na kona ya nyumba nyuma yake. Vikiachana, nanga inaburutwa. Ing'oe, anza upya. Usiku hautaifanya ishike vizuri zaidi.

Kamba za ufukweni. Mbili, kutoka pembe mbili za nyuma, zikiachana kama miguu ya mtu aliyesimama imara. Funga kwenye shina la mti karibu na ardhi: zungusha mara mbili, kisha mafundo mawili. Mzunguko ndio unaobeba uzito. Mafundo yanauzuia usifunguke, na ukitaka kuondoka hayatakuwa yamekaza mpaka uyakate. Usifunge kwenye boti ya mtu mwingine. Yake ikiondoka, yako inaifuata. Wala usifunge kwenye miti ya wavuvi iliyochomekwa majini. Imewekwa kwa ajili ya nyavu, na mwenyewe atakuja na maneno yake, tena ya haki.

Kinga ya kamba. Kila mahali kamba inapogusa ubao, chuma au jiwe, ivalishe kipande cha mpira wa ndani na ukifunge kwa uzi kisihame. Watu huruka jambo hili kwa sababu jioni kamba inaonekana nzima. Inakatika saa tisa usiku.

Moteri. Iinue juu, kwa sababu nyuma ya boti sasa iko upande wa kina kifupi na panga (feni ya moteri) litagonga chini. Toa tangi la esansi, lihifadhi nchi kavu.

Matairi. Yaning'inize ubavuni kama kuna boti nyingine karibu. Jirani mpya huja usiku, hajui kufunga, na yuko upande wa upepo. Amka umsaidie, ni boti yako unayoiokoa.

Vitabu vya mabaharia wa bahari kuu vitakuambia uache kamba ndefu kwa ajili ya maji kupwa na kujaa. Hapa hakuna kupwa wala kujaa. Acha ulegevu wa kutosha wimbi liinue boti bila kamba kukaza ghafla, basi.

Pirogi ndogo isiyo na moteri haihitaji yote haya. Watu sita, magogo matatu ya kuviringishia, ipandisheni juu ya mstari wa majani makavu yaliyoletwa na mawimbi ya zamani, muigeuze kifudifudi.

Umefaulu kama ukisimama ufukweni unaona pua ikiinuka na kushuka kwa utulivu, nyuma haigusi chini, na hakuna kamba inayolia.

## Hatua ya 4: Shusha watu, kisha uzito, kisha funika

Abiria kwanza, watoto na wazee wakishikwa mkono. Mizigo mizito inafuata. Boti nyepesi inapanda juu ya wimbi, nzito inalingoja.

Halafu turubai. Wanaosema "mvua si kitu, tutakumba asubuhi" wapige hesabu nami. Boti ya mita 12 kwa 2 ina eneo la mita za mraba 24. Mvua ya milimita 50, ambayo huku si ajabu, inamwaga ndani yake lita 1,200. Hiyo ni zaidi ya tani moja, imeingia bila wimbi hata moja kuruka. Funga turubai juu ya mti uliolazwa katikati kutoka pua hadi nyuma, lichongoke kama paa, maji yateremkie nje. Turubai lililolegea katikati hukusanya bwawa, na bwawa hilo hupasuka ndani.

## Hatua ya 5: Chagua mahali pa kulala watu

Hapa uzoefu wa maziwa mengine haukusaidii. Kaskazini ya Kivu, kati ya Goma na Sake na kuzunguka ghuba ya Kabuno, ardhi hutoa mazuku: hewa ya kaboni inayotoka chini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayojikusanya mabondeni na kwenye mashimo. Haionekani. Hukaa zaidi usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Maana yake ni kwamba saa ile dhoruba imekwisha na watu wamechoka wakashuka kwenye kibonde kilichojificha upepo ili walale, ndiyo saa yake.

Kabuno inavutia nahodha kwa sababu maji yake yamefungwa karibu pande zote na wimbi la ziwa kubwa haliingii. Itumie kwa boti. Kwa kulala, pandisha watu juu, mahali penye hewa inayopita, na uwaulize wenyeji wasipopeleka mbuzi wao. Kila kijiji kinajua. Ukikuta ndege au panya wamekufa kwenye shimo, usiingie kuangalia.

Usitegemee taa ya moto kama kipimo. Hewa hiyo inaweza kumwangusha mtu wakati mwali bado unawaka.

Mdomo wa mto ni hatari ya pili. Tarehe 4 Mei 2023 mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, ikabeba nyumba na watu. Waliokufa walizidi 400. Mvua inayokuzuia wewe ziwani inanyesha pia milimani, na mto unaleta mawe, magogo na tope bila kukupigia simu. Usilaze watu kando ya mto, usifunge boti mdomoni mwake. Mto uliokuwa na maji mengi kisha ukapungua ghafla huku mvua ikiendelea ni wa kukimbiwa mara moja: juu yake kuna kitu kimeziba, na kitaachia.

Yanayobaki ni mafupi. Usikae chini ya mti mrefu uliosimama peke yake radi ikipiga. Usiingize mbabula ya makala (jiko la makaa) ndani ya turubai lililofungwa, hata kama watu wanatetemeka; moshi usioonekana wa makala unaua familia nzima usingizini. Badala yake wavue nguo zilizoloa, wape kavu, wakae karibu karibu. Tuko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na usiku wa mvua ni baridi kweli. Maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa klori, maana kipindupindu hakijawahi kuhama kwenye fuko hizi.

## Hatua ya 6: Lindeni boti kwa zamu

Saa mbili mbili, watu wawili wawili. Anayelinda hufanya mambo matatu kila nusu saa: kukumba maji, kugusa kila kamba kwa mkono (jicho halioni kamba iliyoanza kukatika gizani), na kuangalia ule mti na kona ya nyumba. Akiona vimeachana anapiga filimbi. Haendi peke yake majini, na jile haivuliwi.

## Hatua ya 7: Andika masharti ya kuondoka, kabla hamjatamani kuondoka

Sasa daftari. Usiku ule ule mlioingia, mkiwa bado mnaisikia dhoruba, andika masharti. Kesho yake jua likitoka, kila mtu atakuwa na sababu nzuri, na wewe pia. Karatasi haitakuwa nayo.

Masharti ninayoyatumia:

1. Dakika 30 zimepita tangu ngurumo ya mwisho. Ikisikika nyingine, hesabu inaanza sifuri.
2. Ziwa la nje halina povu jeupe kwenye mawimbi. Angalia ukiwa umepanda mahali pa juu panapoona njia yako. Kutazama kutoka ndani ya ghuba ni kujidanganya, kwa sababu ghuba uliichagua ili iwe tulivu.
3. Upande upepo unakotoka, milima inaonekana mpaka kileleni. Milima iliyofutika ni mvua nyingine iliyo njiani. Dhoruba moja inaweza kufuatwa na nyingine, na utulivu wa katikati ndio unaowatoa wageni bandarini.
4. Mtafika kimbilio linalofuata kabla ya saa kumi na moja jioni. Huku jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima.
5. Anayeshika moteri amelala walau saa nne.

Masharti yote matano yatimie. Manne hayatoshi.

Wavuvi wa sambaza ni kipimo kizuri cha ziada, kwa tahadhari. Wakitoka jioni na pirogi zao tatu tatu zilizounganishwa kwa miti mirefu, na taa zimewashwa, wameona hali inafaa. Lakini wasipotoka, angalia mwezi kwanza. Mwezi mkubwa hushinda taa zao, sambaza hawakusanyiki, nao hukaa nyumbani kwa sababu isiyohusu hali ya hewa. Dalili yenye uzito ni kuwaona walioondoka wakirudi mapema. Mfuate mzee mmoja, msalimie vizuri, umuulize: "Papa, leo ungempeleka mtoto wako ng'ambo?" Swali hilo hujibiwa kwa ukweli kuliko "Papa, hali ikoje?"

Programu za simu, kama Windy, zinafaa kukuonyesha upepo mkubwa wa siku mbili zijazo. Dhoruba inayozaliwa alasiri juu ya mlima mmoja hazioni vizuri. Zikisema mvua, ngoja. Zikisema shwari, panda mlimani ukaangalie sharti la pili.

## Hatua ya 8: Shughulika na abiria

Asubuhi ya pili wimbi si tatizo kubwa tena. Tatizo ni nyanya zinazooza. Mama mfanyabiashara atakuja, amekunja kitambaa kiunoni: "Papa kapiteni, nitapata hasara, na ziwa limetulia, hulioni?"

Usimkaripie, na usimdanganye kwamba mtaondoka "sasa hivi". Mwonyeshe daftari. "Mama, nasikia hasara yako. Tumeandika mambo matano usiku, haya manne yametimia, hili bado. Saa tano tunaangalia tena." Saa maalum ya kuangalia tena hutuliza watu kuliko ahadi. Na ikifika saa tano, angalieni kweli, pamoja naye, mkiwa mmepanda juu.

Mambo ya pesa yamalizwe kabla ya safari, gatini Goma au Bukavu, abiria wote wakisikia: tukilala njiani, nani analipa chakula, anayeshuka kwenda kwa barabara anarudishiwa kiasi gani. Nahodha ambaye hakulisema hili mapema hujikuta anaondoka kwa sababu ya deni. Kama mko Minova au Kalehe, wape nafasi wenye haraka waende kwa nchi kavu. Boti itakuwa nyepesi na wewe utakuwa na amani.

Mpigie simu mtu wa bandari mnayoenda, sema mko wapi na mko wangapi. Ndugu za abiria wasipopata habari hupiga simu kila dakika, na simu hizo hukumalizia betri.

## Hatua ya 9: Toka kwa majaribio

Kumba maji yote, hata yale yaliyojificha chini ya mbao za sakafu. Yanakimbilia upande mmoja mkianza kuyumba. Chunguza esansi: mimina kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa safi. Maji ya mvua huonekana kama tabaka chini. Ukiyaona, chuja tangi lote, kwa sababu moteri itazimika dakika ya kumi, mkiwa nje ya rasi.

Pakia mzigo mzito chini na katikati. Hesabu watu, andika. Jile zivaliwe.

Washa moteri boti ikiwa bado imefungwa, iache ingurume dakika tano. Fungua kamba za ufukweni, ile isiyovutwa na upepo kwanza, kisha jivuteni kwa kamba ya nanga kwenda kwenye maji ya kina kabla ya kuweka mwendo. Hivyo panga halizoi mchanga wala kamba.

Nenda mpaka rasi ya mwisho, usivuke. Kaa hapo dakika kumi ukitazama mambo mawili: maji yanaingia puani? Umelazimika kupunguza mwendo chini ya nusu? Jibu la ndiyo kwa lolote linatosha. Ngoja wimbi kubwa lipite, geuka kwenye bonde baada yake, rudi, funga pua ikitazama ziwa kama mwanzo, na hesabu ya dakika 30 ianze upya.